Akrabu iko saba, saa ni moja

Fundi wa pancha ninayemtegemea, pale njiapanda karibu na kwangu, ana geji ya upepo yenye uso wa mviringo ambayo kioo chake kilishapasuka kikazibwa kwa gundi. Mshale wake, hata geji ikiwa imelala juu ya benchi haijagusa kitu, umekaa kwenye nne. Siku ya kwanza nilidhani kijana ananichezea. Kibati kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema tairi za mbele zijazwe 32, naye anachomoa mpira mshale ukiwa kwenye 36.

"Umezidisha," nikamwambia.

"Sijazidisha, mzee. Hii inaanzia nne. Ukiona thelathini na sita, toa nne."

Nikamuuliza kwa nini hanunui nyingine, maana sokoni Kariakoo geji zimejaa. Akafunga kifuniko cha valvu, akahamia tairi la pili. "Mpya uongo wake siujui. Huu nimeshauzoea."

Jibu hilo nimetembea nalo wiki kadhaa. Tangu tunaamka hadi tunalala tunasomewa au tunajisomea vipimo: mita ya umeme ukutani, mita ya maji getini, mizani ya mwenye bucha, pampu ya mafuta ambapo mhudumu hajazi mpaka akwambie "sifuri hiyo, bosi", dishibodi ya gari, mashine ya presha zahanati. Tunatupa jicho, tunaokota namba, tunaondoka. Ile namba imetoka wapi mpaka ikafika kwenye kioo, na nani aliamua ionekane hivyo, hayo hatuyaulizi.

Nilimwomba fundi anipe geji iliyokufa niifungue. Alikuwa nayo moja ya kompresa, imetupwa kwenye kopo la nati. Unafungua skrubu tatu, unatoa bamba la nyuma, na ndani hukuti ajabu yoyote: kipande cha bomba la shaba kilichobonyezwa kikawa bapa, kisha kikakunjwa kama herufi C. Ncha moja imeunganishwa na mdomo wa geji, upepo unapoingilia. Ncha ya pili imezibwa, imeachwa huru, ila imefungwa kwenye kijiti chembamba. Kijiti kimeshika kipande cha gia. Gia inazungusha kigurudumu chenye meno, kidogo kama punje ya mtama. Na juu ya kigurudumu hicho ndipo mshale ulipopachikwa. Pembeni kuna springi nyembamba kama unywele, ya kuurudisha mshale nyumbani. Upepo ukiingia, bomba linataka kujinyoosha kama mpira wa bustani uliokunjwa ukifunguliwa maji. Linajinyoosha milimita chache tu. Gia inazikuza hizo milimita mpaka mshale unazunguka karibu robo tatu ya duara.

Nilisukuma ile ncha kwa ukucha. Mshale ukaruka hadi themanini. Hakukuwa na upepo wowote mle ndani, kulikuwa na kucha yangu tu. Nikaelewa kwamba geji hii haijawahi kupima upepo maishani mwake. Inapima jinsi kipande cha shaba kilivyopinda, halafu sisi tunakubaliana kuita kupinda huko "upepo".

Ubunifu huo ni wa Eugène Bourdon, fundi saa na mhandisi wa Paris, aliyeupatia hataza mwaka 1849. Inasimuliwa kwamba bomba moja la mzunguko lilibonyea kiwandani kwake, na lilipojazwa maji kwa nguvu ili lirudi umbo lake, likaanza kujikunjua. Wengine wangeona bomba limeharibika, yeye akaona mshale. Zama hizo zilikuwa za mvuke, na boila zilikuwa zinalipuka na kuua watu. Kipimo kilichoaminika kilikuwa bomba la kioo lenye zebaki, na zebaki inahitaji kimo cha milimita 760 kwa kila uzito mmoja wa angahewa. Boila yenye nguvu mara tano ya hapo ingehitaji bomba la karibu mita nne. Huwezi kulisimamisha bomba la namna hiyo juu ya kichwa cha treni kinachoyumba. Geji ya Bourdon iliingia kiganjani. Bado ndiyo hiyohiyo iliyopo juu ya mtungi wa oksijeni wa hospitali, kwenye kizima moto cha ofisini kwako, na kwenye kompresa ya kijana wa pale njiapanda.

Sifuri yake nayo ina mambo. Geji ikisoma sifuri, tairi halijaishiwa hewa. Limejaa hewa tele, ila hewa ya ndani na ya nje zimelingana nguvu, kila moja inasukuma kama pauni 14.7 kwa inchi ya mraba hapa usawa wa bahari. Geji inakuonyesha ziada tu. Na kwa kuwa ni ziada, ukibadilisha mahali umebadilisha hesabu. Dereva anayetoka Dar es Salaam na tairi za 32 akipanda hadi Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, anakuta hewa ya nje imepungua nguvu. Geji ileile ingemsomea kama 34 na nusu bila mtu kuongeza hata pumzi. Lakini asubuhi ya Juni Mbeya ina baridi yake, na baridi hukunja hewa ya ndani. Nyuzijoto 15 zikishuka zinaondoka na pauni mbili na kidogo. Basi dereva anapima, anakuta 32, anasema "upepo haujabadilika". Mambo mawili makubwa yametokea na kufutana, na kioo hakikuonyesha hata moja.

Sifuri huwa ni ya mtu. Anders Celsius wa Uppsala, mwaka 1742, alipoweka vipimo vyake vya joto aliandika sifuri mahali maji yanapochemka na mia mahali yanapoganda. Ni baada ya kifo chake ndipo vikapinduliwa tukapata hivi tunavyovijua. Na kule Jinja, Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, kimo cha maji ya ziwa kimesomwa kwa miaka zaidi ya mia kwenye kipimo ambacho Mei 1964 kilifika mita 13.41, rekodi iliyokaa zaidi ya nusu karne hadi maji yalipoifikia tena Mei 2020 na kuzifukuza kaya za ufukweni katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Msomaji wa gazeti akiona "mita 13.4" anadhani hicho ndicho kina cha ziwa. Ziwa Victoria lina sehemu zenye kina cha mita 80. Ile 13.4 inahesabiwa kutoka alama iliyochaguliwa, takriban mita 1,123 juu ya usawa wa bahari, na chini ya alama hiyo maji bado yapo mengi. Walioiweka walikuwa na sababu zao. Namba ni sahihi kabisa, mradi uwe unajua imeanzia wapi. Kijana wangu wa pancha angesema: hii inaanzia pale, toa.

Mtu anayekulia katika Kiswahili hapaswi kushangaa. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kutazama kitu kimoja na kusema kingine. Akrabu fupi ya saa iko kwenye saba, mtoto anaulizwa saa ngapi, anajibu saa moja. Akrabu iko kwenye mbili, anasema saa nane. Mgeni huona tunamtania. Hesabu yetu inaanza jua linapochomoza na inaanza upya linapozama, na saa za kiwandani zilipokuja na sifuri yao ya usiku wa manane hatukubadili siku yetu. Tulibadili jinsi ya kuutazama uso wa saa.

Na namna tulivyoutazama ni hodari. Saa sita ni nusu kamili ya duara, kwa hiyo jibu letu daima liko upande wa pili, mkabala na akrabu. Saa nyingi za ukutani zina akrabu yenye kimkia kinachochomoza nyuma ya kitovu. Fuata kile kimkia. Ncha ikiwa saba, mkia uko moja. Ncha ikiwa tano, mkia uko kumi na moja. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa ncha ya mwiko, akiwa anasonga ugali, na sijawahi kuhitaji kutoa wala kujumlisha.

Halafu zikaja saa za tarakimu. Simu inaandika 19:40, na hapo hakuna upande wa pili wa kutazama. Inabidi utoe kumi na nane kichwani ndipo upate saa moja na dakika arobaini. Nimeona vijana waliozaliwa na simu mkononi wakisita sekunde mbili kabla ya kutaja saa kwa Kiswahili, na wengine wamekata tamaa wanasema tu "nainitini foti". Wakati ni uleule, ila ujanja wetu wote ulikuwa umejengwa juu ya duara, na duara limeondolewa.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mshale na tarakimu, na watengenezaji wa vyombo vya ndege na mitambo wameijadili sana. Tarakimu inakupa jibu. Mshale unakupa mahali: uko umbali gani kutoka hatarini, unaelekea huko au unarudi, unatembea polepole au unakimbia. Unaweza kuusoma bila kuusoma, kwa pembe ya jicho, kama unavyojua mlango uko wazi bila kuutazama. Fundi mzoefu wa mitambo huwa anazungusha geji zake wakati wa kuzifunga ili mishale yote ielekee juu mambo yakiwa sawa. Akiingia chumbani, mmoja uliolala unajitangaza wenyewe. Jaribu kufanya hivyo na safu ya namba ishirini.

Ila mshale nao una udhaifu wake, kwamba macho huusoma yanavyopenda. Mashine za presha za mshale zina mistari ya mbili mbili: 120, 122, 124. Kwa hiyo ukiandikiwa 135 kutoka kwenye mashine ya namna hiyo, ujue aliyeandika amekisia mahali pasipo na mstari. Na watafiti wa afya wanajua tangu zamani kwamba kadi za wagonjwa zimejaa namba zinazoishia na sifuri kuliko inavyowezekana. 140 juu ya 90 imeandikwa sana. 138 juu ya 86 imekuwa adimu, ingawa miili yetu haina mapenzi maalumu na sifuri. Mashine za betri zimeondoa dhambi hiyo. Nazo zimeleta yake: zinakupa 137 kwa uhakika wa kutisha, hata kama kitambaa kimefungwa juu ya sweta.

Tuingie garini, maana huko ndiko kioo kimefunzwa adabu. Geji ya mafuta ya kawaida ni boya. Ndani ya tangi kuna kitu kinachoelea, kimeshikwa na mkono, na mkono unateleza juu ya waya wa kupinga umeme. Boya likishuka, umeme unabadilika, mshale unashuka. Kwa kuwa mafuta huchezacheza kila ukipita tuta, mtengenezaji ameutuliza mshale kwa makusudi, usiyumbe. Na tangi halina umbo la ndoo: limepinda kupisha ekseli na ekzosi, ndiyo maana nusu ya kwanza inakwenda pole kama msafara wa harusi na nusu ya pili inayeyuka. Chini ya alama ya mwisho bado wamekuachia akiba. Kondakta mmoja wa daladala alinieleza kwamba herufi E pale ni ya "Endelea". Waendesha bodaboda, ambao geji zao nyingi zilishakufa, hutikisa tangi na kusikiliza, na mimi naamini sikio la bodaboda kuliko mshale wa daladala.

Pembeni ya kile kichoro cha pampu kwenye geji, magari mengi yana kimshale cha pembetatu. Kinaonyesha upande ambao kifuniko cha tangi kipo. Ni wazo la mfanyakazi wa Ford, Jim Moylan, ambaye mwaka 1986 alichukua gari la kampuni siku ya mvua, akasimama upande usio wenyewe wa pampu, akalowa, akarudi ofisini kuandika pendekezo kabla koti halijakauka. Miaka mitatu baadaye kimshale kilianza kutoka kiwandani. Nimeendesha magari miaka ishirini na mbili kabla ya kukiona.

Geji ya joto ndiyo inayonikera. Katika magari mengi ya siku hizi mshale ukishafika katikati umefungwa pale. Injini inaweza kupanda na kushuka nyuzi nyingi, mshale umetulia kama picha. Sababu ni sisi wateja. Zamani mshale ulipopanda kidogo kwenye mlima watu walikuwa wanarudi gereji na hofu, wakati gari ni zima. Watengenezaji wakaamua kutuondolea hofu. Kwa hiyo siku gari linapochemsha kweli, mshale unatoka katikati moja kwa moja hadi kwenye nyekundu, na wewe umepandisha mlima wa Kitonga mzima bila onyo.

Spidi nayo inadanganya, ila kwa sheria. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inasema kioo kisionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya ule wa kweli. Kuzidisha kunaruhusiwa, hadi asilimia kumi na kilomita nne juu yake. Unatembea 50 kamili, kioo kina ruhusa ya kukuonyesha hadi 59. Ndiyo maana mshale wako unaweza kusoma 54 na tochi ya askari ikasoma 50, nanyi wote wawili mko sawasawa. Sijui dereva aliyewahi kulalamika kwa upande huo.

Nimesoma habari ya ndege moja mara nyingi kuliko inavyofaa, kwa sababu ndani yake kila kitu nilichotaja kiko mahali pamoja. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada, safari namba 143, ilikuwa inatoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton. Geji za mafuta zilikuwa giza tupu, hazionyeshi chochote, kwa sababu ya hitilafu ya kulehemu ndani ya kompyuta yake. Badala yake mafundi walipima kwa vijiti vilivyo chini ya mabawa, njia ya kizamani na ya kuaminika. Vijiti vikasema tangini mna lita 7,682. Navyo vilisema kweli.

Ndege hiyo ilikuwa ya aina mpya, inayohesabu mafuta kwa kilo, wakati Kanada ilikuwa bado inahama kutoka pauni. Rubani alihitaji kilo 22,300. Kubadili lita kuwa kilo unazidisha kwa 0.8 hivi. Karatasi za siku hiyo zilikuwa na namba nyingine, 1.77, ambayo ni pauni kwa lita. Wakazidisha 7,682 kwa 1.77 wakapata 13,597, wakaziita kilo. Wakaona pengo ni 8,703, wakagawa kwa 1.77 ileile, wakajaza lita 4,917. Zilizohitajika zilikuwa zaidi ya 20,000. Hesabu ilirudiwa, ikatoka sawa, maana kosa halikuwa kwenye kuzidisha. Halafu rubani akaingiza ile 22,300 kwenye kompyuta ya safari, na kompyuta kuanzia hapo ikawa inatoa matumizi na kuonyesha salio zuri, kwa tarakimu safi, la mafuta ambayo hayakuwepo.

Waliishiwa wakiwa futi 41,000 angani. Injini zote mbili zilipozimika, skrini za mbele ya marubani zikazimika nazo, kwa kuwa umeme wake ulitoka kwenye injini hizohizo. Katika ndege ya kisasa kuliko zote walizokuwa nazo, vikabaki vile vichache vya akiba, vya mishale: dira, kimo, mwendo, upeo wa macho. Kapteni Bob Pearson alikuwa pia mrushaji wa ndege zisizo na injini siku za mapumziko. Msaidizi wake, Maurice Quintal, alikumbuka kambi ya zamani ya jeshi la anga pale Gimli, Manitoba, alikowahi kutumikia. Hakujua kwamba njia yake ya kurukia ilikuwa imegeuzwa uwanja wa mashindano ya magari, na siku hiyo familia zilikuwa zimepiga kambi pembeni. Ilitua bila injini, gurudumu la pua likakunjika, pua ikaburuzwa juu ya lami hadi ikasimama. Watu 69 walikuwemo ndani, wote walitoka hai.

Wengi husimulia kisa hiki kama cha rubani hodari, na hodari alikuwa. Mimi huishia kwenye ile 13,597. Vijiti havikukosea na kalamu haikukosea. Namba ilitembea kutoka mkono hadi mkono bila jina lake la ukoo, na kila aliyeipokea akaipa jina lake mwenyewe.

Miaka minne kabla, saa kumi za alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu moja ya kupunguza mgandamizo ilifunguka kama ilivyotakiwa kisha ikakwama wazi. Maji ya kupoza kinu yakawa yanatoka. Mbele ya waendeshaji kulikuwa na taa ya valvu hiyo, na taa ilikuwa imezimika, maana yake "imefungwa". Taa haikuunganishwa na valvu. Iliunganishwa na umeme unaoiamuru valvu ijifunge. Amri ilikuwa imetolewa. Taa ilitoa taarifa ya amri. Ni kama mtu amuulize mpishi nyama imeiva, ajibiwe kwamba mtoto ameshatumwa kuni. Geji ambayo ingewafumbua macho, ya tangi lililokuwa linapokea yale maji, ilikuwepo na ilikuwa nzima, ila waliifunga nyuma ya paneli, mahali mtu aliyekaa haoni. Geji nyingine ikasema maji yamejaa mno, kumbe ni mapovu ya mvuke yaliyoyasukuma juu, nao wakapunguza maji ya dharura. Zilipita saa mbili na zaidi kabla mtu wa zamu mpya hajafunga valvu ya pili kwenye bomba hilohilo. Mwishowe karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Nyumbani kwangu hakuna kinu, kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Nakumbuka mita ya zamani, ile yenye kisahani cha aluminiamu kilichozunguka na doa jeusi ukingoni. Ilihesabu kupanda, ulichokula kinaongezeka, na hakuna aliyeitazama mpaka msomaji alipokuja mwisho wa mwezi. LUKU inahesabu kushuka. Inaonyesha kilichobaki, na kilichobaki kinauma. Umeme ni uleule na uniti ni zilezile, lakini nyumba nzima imebadilika tabia kwa sababu namba imegeuzwa mwelekeo. Watoto wangu wanajua uniti zilizobaki kuliko wanavyojua tarehe.

Kuna kitu kingine kwenye mita hiyo ambacho wengi hawakitazami: kitaa chekundu kinachometameta, na pembeni yake maandishi madogo, mara nyingi 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikimeta mara elfu, uniti moja imekwenda. Zima vyote, washa pasi ya wati 1,000 peke yake, uhesabu: itameta mara moja kila sekunde tatu na nusu hivi. Ukichomoa jiko la umeme linalodaiwa kuwa limezimwa na taa ikapunguza kasi, umemkamata mwizi.

Mita ya maji ndiyo iliyonifikisha kwenye makala haya. Tarakimu nyeusi ni uniti, kila moja lita elfu. Nyekundu ni vipande vyake. Na katikati kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota ambacho hakiandikwi kwenye bili yoyote. Hicho ndicho chenye hisia. Kwetu maji hukatika siku tatu, na yanaporudi bomba hukohoa upepo kwanza, na kigurudumu huzungushwa na upepo huo kwa furaha ileile kama ya maji. Mita inahesabu kinachopita, haionji. Nimelalamika kuhusu hilo mahali panapohusika, nikaambiwa niandike barua.

Mwezi uliopita bili ilipanda na upepo peke yake haukutosha kuwa sababu. Niliamka usiku, nikafunga koki zote, nikaenda getini na tochi. Tarakimu nyeusi zimesimama. Nyekundu zimesimama. Kile kigurudumu kilikuwa kinatembea, polepole sana, meno mawili, kinapumzika, meno mawili. Nikarudi ndani nikisikiliza kila bomba kama bodaboda anavyosikiliza tangi. Ilikuwa ni tangi la choo cha wageni: boya lake limeegemea ukuta, maji yanavuja kwa ndani bila sauti. Nikalisogeza boya kwa kidole. Nikarudi getini, nikachuchumaa, nikasubiri mpaka nikawa na uhakika kwamba nyota imetulia. Nilipoingia sebuleni, saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na mkia wa akrabu ulikuwa juu ya kumi na moja.